Kwenda Mugunga: Majirani Wanne na Kikebe cha Ugoro

Wahenga walisema kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Nami naona kwamba safari nayo ni namna ya kuishi, maana mtu huondoka kwake na neno moja moyoni, akarudi na neno jingine kabisa. Ndivyo ilivyonipata wakati wa kiangazi, nilipotoka Bukavu kwenda Goma kumwamkia mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, akaaye Mugunga.

Kwa desturi yetu mpwa hamwendei mjomba mikono mitupu. Basi nilimchukulia kilo mbili za sukari, na kitenge kwa ajili ya mke wake, na zawadi ya tatu ambayo nilijua ataifurahia kupita zote: kikebe kilichojaa ugoro mweusi, wenye harufu kali, niliounua sokoni kwa mzee anayeutengeneza mwenyewe. Tangu utoto wangu sijapata kumwona mjomba bila kikebe chake. Nilipokuwa mdogo ndimi niliyetumwa kukijaza, nami niliona fahari kutumwa.

Zawadi hiyo ya tatu ndiyo iliyoleta habari ninayowaandikia leo.

Usiku ziwani

Meli iliondoka Bukavu jua likichwa. Ziwa Kivu liko juu sana, yapata mita 1,460 juu ya bahari, kwa hiyo usiku wake una baridi, na abiria walijifunika vitenge na makoti. Tulipita kandokando ya kisiwa cha Idjwi, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ziwa hili, nacho kilikuwa giza tupu. Lakini juu ya maji kulikuwa na mwanga: taa za wavuvi wa sambaza, wengine karibu, wengine mbali, kana kwamba kijiji kizima kimehamia ziwani. Wavuvi hao hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wakateremsha wavu katikati, wakawasha taa ili samaki wafuate nuru. Sambaza si wenyeji wa ziwa hili; waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni kitoweo cha maskini na matajiri.

Nawataja wavuvi hawa mapema kwa sababu mmoja wao nitamkuta tena mbele katika habari hii.

Njia ya Sake

Kulipokucha tuliona mji wa Goma, na nyuma yake Nyiragongo, mlima wenye urefu wa mita 3,470, umejitanda wingu kichwani. Wasomaji wetu wanajua tabia ya mlima huo. Ulipasuka tarehe 10 Januari 1977. Ukapasuka tena tarehe 17 Januari 2002, na mto wa moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Na mara nyingine tarehe 22 Mei 2021, watu wakakimbia usiku. Kila mara wenyeji walirudi wakajenga juu ya mawe yaliyopoa. Ukitaka kujua uvumilivu ni nini, tazama nyumba za Goma.

Mugunga ni mtaa wa mwisho upande wa magharibi, kama kilomita kumi kutoka katikati ya mji, katika njia iendayo Sake. Mlima unakaa kuume kwako, na ziwa kushoto. Nilipita Katindo na Ndosho nimepanda nyuma ya pikipiki, nimekumbatia mzigo wangu. Njiani tulipishana na vijana wengi wa chukudu, kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili kisicho na mashine wala kanyagio, ambacho mtu hukisukuma akipiga goti moja juu yake. Vijana hao huteremsha viazi, kabichi na makala kutoka vilimani, na mzigo wa chukudu moja waweza kuwa mzito kuliko watu watano. Goma imewasimamishia sanamu katika mojawapo ya mizunguko yake ya barabara, nao wanastahili heshima hiyo.

Nchi ya mawe meusi

Mgeni afikaye Mugunga huona kwanza mawe. Ni moto wa zamani ulioganda, mweusi, wenye makali ya kukata viatu. Kuta za viwanja ni mawe hayo hayo yaliyopangwa bila udongo; nyumba ni za mbao zenye mabati; na katika kila ufa penye udongo kidogo mtu amepanda maharage au mgomba mmoja. Mvua ikinyesha maji hayatuami, huzama mara moja, na akina mama hushuka kuyatafuta na madumu yao ya manjano. Karibu na hapo kuna Lac Vert, ziwa dogo lililomo ndani ya shimo la volkano ya kale, lenye maji ya rangi ya majani.

Mawe haya yamebeba huzuni nyingi. Mwezi wa Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa siku chache, na mojawapo ya kambi zao kubwa ilikuwa Mugunga. Kipindupindu kikaua watu kwa maelfu, na kwa sababu ya ugumu wa mawe hawakuweza kuchimba vyoo wala makaburi. Kambi hiyo ilivunjika mwezi wa Novemba 1996. Baada ya mwaka 2007 wakaja Wakongo wenyewe, waliokimbia vita vya Masisi na Rutshuru, na vibanda vikafunika mawe tena. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za Mugunga na Lac Vert, yakaua watu, watoto miongoni mwao. Mwanzoni mwa mwaka 2025, Goma ilipotwaliwa na waasi wa M23, kambi zikaondolewa. Wengine walirudi vijijini kwao, na wengine walibaki mjini wakipanga vyumba vya mbao kwa majirani. Nilipopita niliona mahali palipokuwa na vibanda: alama za duara juu ya mawe, na vipande vya turubai vikipeperushwa na upepo.

Kuna tena jambo moja la nchi hii ambalo wasomaji wa mbali hawalijui. Watu huliita mazuku. Katika mabonde madogo na mashimo yaliyo kando ya ziwa, ardhi hutoa hewa nzito ya kaboni dayoksaidi, ile ile ambayo sisi huitoa tukipumua. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hukaa chini shimoni kama maji katika bakuli, hasa usiku na alfajiri kabla ya upepo kuvuma. Mbuzi akishuka humo kutafuta majani huanguka akafa. Mtoto akimfuata mbuzi, huanguka naye. Baba akimfuata mtoto peke yake, huanguka vilevile. Ndiyo maana wazee wa Mugunga hufundisha watoto mapema: ukiona mnyama amelala bondeni asubuhi, usishuke, ita watu.

Zawadi iliyokataliwa

Nilimkuta mjomba ameketi mlangoni, amenyoa vizuri, anamenya karanga.

“Jambo, mjomba.”

“Jambo sana, mwanangu. Karibu. Mama yako hajambo?”

Tukasalimiana kwa kirefu, shangazi akaleta chai. Nilitoa sukari, nikatoa kitenge, wakashukuru. Kisha nikatoa kikebe kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa. Mjomba alikipokea, akakigeuzageuza, akakitia puani bila kukifungua. Halafu akakiweka chini katikati yetu, akanyamaza. Shangazi alisimama akaingia ndani.

“Mwanangu,” alisema mwisho, “umenipa heshima, wala sikulaumu, maana ndivyo tulivyokulea. Lakini mimi nimeacha. Leo ni mwezi wa tano. Na kikebe hiki kikilala ndani ya nyumba yangu usiku mmoja, mimi sitalala.”

Niliona haya, nikataka kukirudisha mfukoni, lakini alinishika mkono.

“Usikiondoe kwanza. Jioni wenzangu watakuja. Tutakitazama pamoja.”

Akafungua mdomo, akanionyesha ndani ya mdomo wa chini. Mjomba alikuwa hanusi tena kwa pua. Kwa miaka mingi aliutia ugoro kati ya mdomo na ufizi, akauacha humo. Hapo mahali palikuwa na baka jeupe, kama ngozi iliyoloweshwa. Muuguzi mmoja aliyemtazama jino alilishtukia baka hilo, akamwambia kwamba baka la namna hiyo laweza kugeuka kuwa saratani, kwamba pengine hupungua mtu akiacha tumbaku, na kwamba arudi kutazamwa mara kwa mara, baka lipungue au lisipungue. Limepungua, lakini halijaisha, naye bado anarudi kama alivyoagizwa.

Ugoro ni nini?

Yafaa tuseme kidogo juu ya jambo lenyewe, kwa maana watu wengi hudhani kwamba tumbaku isiyo na moshi haina hatari.

Tumbaku si mmea wa Afrika. Ulitoka Marekani, ukavuka bahari na Wazungu baada ya mwaka 1492. Yapata mwaka 1560 balozi wa Ufaransa nchini Ureno, jina lake Jean Nicot, aliupeleka kwa malkia wa Ufaransa kama dawa, na kutokana na jina lake wataalamu waliita sumu iliyomo nikotini. Punde si punde watu walinusa kila mahali, hata mwaka 1642 Papa Urbano wa Nane ilimlazimu kuwakataza watu wa jimbo la Seville, huko Hispania, kutumia tumbaku ndani ya makanisa. Katika nchi zetu za maziwa tumbaku ilienea zamani. Mwaka 1858 msafiri Mwingereza Richard Burton alipofika Ujiji aliona watu wakiloweka tumbaku majini, wakavuta maji yake puani, wakabana pua kwa vidole au kwa kibanio ili yasitoke upesi. Na mtu aliyebanwa pua akasema kwa sauti ya puani, watu wasijali.

Hivyo ugoro umekuwa heshima ya wazee, kiburudisho cha wageni, dawa ya mafua na ya maumivu ya kichwa. Lakini heshima haiondoi sumu. Nikotini hupita katika ngozi laini ya pua na mdomo, ikaingia damuni upesi. Na watengenezaji wanaochanganya magadi au majivu huifanya ipenye upesi zaidi. Baada ya saa mbili hivi nusu yake imekwisha kuondoka damuni, mwili ukaanza kudai nyingine. Hapo ndipo mtu husema, “Ugoro unaniondolea maumivu ya kichwa,” asijue kwamba maumivu hayo mara nyingi yameletwa na kukosa ugoro wenyewe.

Zaidi ya nikotini, tumbaku ya kunusa, ya kutafuna na ya kuweka mdomoni ina vitu zaidi ya 20 viletavyo saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, lilitangaza mwaka 2007 kwamba tumbaku isiyo na moshi huleta saratani ya mdomo na ya kongosho. Na baadaye likaongeza saratani ya umio, yaani njia ya chakula. Mwanamke mwenye mimba akiitumia, huhatarisha mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au kuzaliwa mwepesi. Na kikebe kikiachwa mahali wazi, mtoto mchanga aweza kukila akadhurika vibaya.

Serikali nyingi zimelijua jambo hili. Kongo ilithibitisha mwaka 2005 mkataba wa dunia wa kupambana na tumbaku, na Uganda kwa sheria yake ya mwaka 2015 imepiga marufuku tumbaku isiyo na moshi pamoja na shisha. Hizo ni hatua njema. Walakini sheria haiingii chumbani usiku, mkono unapopapasa chini ya mto kutafuta kikebe. Hapo anahitajiwa mtu mwingine.

Wanne chini ya ukuta wa mawe

Jioni walikuja, kama alivyosema. Sitawataja majina, maana sikuwaomba ruhusa, nao si watu wa kutafuta sifa. Wa kwanza alikuwa mama mmoja auzaye makala kwa mafungu. Wa pili kijana wa chukudu. Wa tatu mvuvi wa sambaza, ambaye alikuwa akijitayarisha kwenda ziwani. Pamoja na mjomba walikuwa wanne. Waliketi juu ya mawe chini ya ukuta, sahani ya karanga katikati, na kikebe changu kando ya sahani.

Niliwauliza kila mmoja jinsi alivyoanza, na majibu yao yalinifundisha kwamba ugoro ni mmoja lakini milango ya kuuingia ni mingi.

Mjomba aliingia kwa mlango wa desturi. Baba yake alinusa, wageni walinusa, naye akanusa ili awe mzee kati ya wazee.

Kijana aliingia kwa mlango wa nguvu. Waliomtangulia katika kazi walimwambia kwamba bila ugoro hawezi kupandisha chukudu mlimani.

Mvuvi aliingia kwa mlango wa usingizi. Usiku ni mrefu, taa inavuta macho, na mtu akisinzia wavu unapotea.

Mama aliingia kwa mlango ulio mzito kuliko yote. “Mimi nilianza kambini,” alisema. “Chakula kilikuwa kidogo, na watoto ni wanne. Nikaona kwamba nikitia ugoro mdomoni, tumbo linanyamaza. Basi nikawapa watoto sehemu yangu. Ulipofika wakati ambapo nilipata chakula, ugoro ulikataa kuondoka. Nikawa nanunua ugoro kwa faranga za unga.”

Hakuna aliyesema neno kwa kitambo. Ni kweli kwamba nikotini huzima njaa. Lakini huizima kama mtu azimaye taa ili asiuone moto unaounguza nyumba.

Mjomba ndiye aliyeanza, kwa sababu ya baka lake. Alijaribu peke yake mara mbili, akashindwa mara mbili. Mara ya kwanza alidumu siku tatu, mara ya pili wiki moja. Kisha akawaza hivi: sisi tukitaka mabati hatununui peke yetu, twacheza likelemba, kila mtu hutoa kidogo, na kila mtu kwa zamu hupata. Kwa nini nguvu ya kuacha nayo tusiikusanye vivyo hivyo? Akamwendea mama muuza makala, kwa sababu alimwona mara nyingi akinunua ugoro mahali pamoja naye. Wawili wakawa wanne.

Masharti yao

Sikuona kitabu wala karatasi. Masharti wanayo kichwani, nami nayaandika kama walivyonieleza.

Kwanza, walichagua siku moja. Siku hiyo kila mtu alileta kikebe chake, wakavimwaga vyote chooni mbele ya macho ya wote. Waliwaambia jamaa zao pia, ili asije mtu kuwapa ugoro kwa wema.

Pili, walifungana wawili wawili. Mjomba na kijana, mama na mvuvi. Tamaa ikimshika mmoja, haimpasi kupigana nayo gizani. Na aende kwa mwenzake, hata usiku. Wamegundua kwamba tamaa hupanda kama wimbi, na baada ya dakika chache hushuka yenyewe. Mtu hahitaji kushinda mwaka mzima kwa mara moja. Ashinde dakika hizo tu. Katika dakika hizo hunywa maji, hutafuna karanga au tangawizi, huzungumza.

Tatu, hukutana kila jioni baada ya chakula, kwa kuwa hiyo ndiyo saa ugoro uliyozoea kuwaita.

Nne, kila mtu hutia sandukuni faranga ambazo angalinunulia ugoro. Mwisho wa mwezi sanduku hufunguliwa kwa zamu. Mwezi wa kwanza lilikuwa la mama, akanunua mfuko mzima wa makala, akaacha kukopa.

Tano, aliyeanguka hakaripiwi, lakini haruhusiwi kuficha.

Siku tatu za kwanza zilikuwa mbaya. Mjomba alikuwa mkali hata kwa kuku. Kijana hakulala. Mama aliumwa kichwa, akala bila kushiba. Yote hayo ndiyo desturi: taabu huzidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua, na baada ya wiki tatu au nne mwili umekwisha kutulia. Lakini moyo hukumbuka muda mrefu kuliko mwili, na hapo ndipo wengi hurudi nyuma.

Siku ya kumi

Siku ya kumi kijana hakuja. Siku ya kumi na moja hakuja tena. Mjomba, aliyekuwa mwenzake, alikasirika, akasema kijana amewadharau, na aachwe. Mama alimjibu neno ambalo walinisimulia wote kwa pamoja, kila mmoja akimsahihisha mwenziwe.

Alisema: “Mzee, mbuzi akilala bondeni asubuhi, twasema amedharau? Twajua ni mazuku. Na wewe ulitufundisha nini juu ya mazuku? Mtu asishuke peke yake, aite watu. Haya, tuitane, twende.”

Wakaenda watatu usiku huo, wakamkuta kijana nyumbani amejilaza. Alikuwa amepeleka mzigo Sake na wenzake wa kazi, wakapumzika, kikebe kikapita mkono kwa mkono, kilipomfikia hakuweza kukirusha. Kisha akaona haya kuonana na wazee. Alimwambia mama, “Nimeanguka, mama.” Mama akamjibu, “Aliyeanguka njiani hajarudi alikotoka. Inuka.” Mjomba alikuwa amenyamaza. Mwisho alisema, “Kesho nitakusindikiza mpaka mlimani.” Na mzee wa umri wake alikwenda kweli, akitembea kando ya chukudu asubuhi nzima, akizungumza habari za zamani, mpaka wakapita mahali pale pa kupumzikia.

Tangu siku hiyo kijana hajagusa ugoro. Anasema kwamba anapandisha mlima vilevile kama zamani, na pumzi haikupungua.

Mvuvi, kwa upande wake, hajamaliza vita. Aliniambia bila kuficha kwamba kuna usiku mmoja mmoja, alfajiri inapokaribia, ambapo bado huchukua kidogo kwa wenzake mtumboni. Zamani alimaliza kikebe kwa siku mbili. Sasa ni mara mbili au tatu kwa mwezi. Nilimwuliza mjomba kama hawajafikiri kumwondoa. Alinitazama kana kwamba nimesema upumbavu. “Tukimwondoa, atakwenda kwa nani?”

Si jambo geni

Nilipokuwa narudi nilifikiri kwamba majirani hawa wa Mugunga, bila kusoma, wamefika mahali walipofika wengine kwa njia nyingine. Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, walevi wawili, mmoja mfanya biashara na mmoja daktari, waligundua kwamba mlevi asiyesikia la daktari wala la mke wake aweza kumsikia mlevi mwenzake. Chama kilichotokana nao kimeenea duniani kote, na watu wa tumbaku wakakifuata kwa mfano wake. Mwaka 1987 huko Uganda, Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha shirika la TASO, ili watu waliopatwa na ukimwi wasaidiane wao kwa wao wakati ambapo watu wengi waliwakimbia. Nao wachunguzi waliolinganisha wavutaji wa sigara wameona kwamba waachao katika kikundi hufanikiwa zaidi kuliko wale waliopewa kitabu wakaachwa peke yao.

Sababu yake si siri. Mwenye afya humwambia mgonjwa “acha.” Mgonjwa mwenzake humwambia “tuache.” Tofauti ni herufi chache, lakini ndani yake kuna mtu wa kushikana naye mkono.

Kikebe changu

Nimesahau kuwaambia mwisho wa zawadi yangu. Jioni ile, karanga zilipokwisha, mjomba alinipa kikebe, akasema, “Wewe ndiwe uliyekileta, wewe ndiwe utakayekimwaga.” Nilitaka kusema kwamba nimeununua kwa faranga nyingi, kwamba labda kuna mzee mwingine atakayeufurahia. Kabla sijafungua mdomo mama muuza makala alisema kwa upole, “Usimpe mtu mwingine, mwanangu. Naye ana watoto.”

Basi nilikwenda nyuma ya nyumba, wote wanne wakinifuata, nikaumwaga ugoro wote. Harufu yake ilipanda, nami nilimwona mvuvi akigeuza uso upande wa ziwa, na mama akimshika mkono. Kisha akachukua taa yake na kikapu cha chakula, akatuaga, akashuka kwenda kazini. Usiku nilipotoka nje niliona taa za sambaza mbali majini, nikajua kwamba chini ya mojawapo kuna mtu anayesubiri asubuhi.

Ndugu wasomaji, katika familia zetu wengi wetu hatutumii ugoro, tukadhani kwamba jambo hili halituhusu. Lakini ni nani anayemtuma mtoto kumjazia babu kikebe? Ni nani anayemchukulia mjomba zawadi? Ni mimi, na labda ni wewe. Ukiwa na mzee unayempenda, mwulize kwanza kama amewahi kutaka kuacha, majibu yatakushangaza. Na akisema ndiyo, usimwachie maneno tu. Mtafutie mwenzake mmoja, wachague siku, nawe ubebe karanga.

Mimi nikirudi Mugunga nitamchukulia mjomba sukari, na kilo ya tangawizi.